Msumari wa Paja na Umbali wa Kishapu

Mwaka 1940 una matukio mawili ambayo wanahistoria hawajazoea kuyataja pamoja. Mjiolojia wa Kanada, John Williamson, aligundua almasi Mwadui, mahali ambapo leo ni Wilaya ya Kishapu. Mwaka huohuo, mjini Berlin, daktari Mjerumani Gerhard Küntscher aliwaeleza wapasuaji wenzake namna ya kuunga mfupa wa paja kwa msumari mrefu wa chuma unaopitishwa ndani ya uwazi wa uboho. Almasi ilipata haraka njia ya kutoka Usukumani kwenda Ulaya. Msumari ulichelewa mno kuja.

Kuchelewa huko kuna gharama. Mfupa wa paja ndio mrefu na imara kuliko mifupa yote mwilini. Ukivunjika, zaidi ya lita moja ya damu yaweza kuvujia ndani ya misuli. Katika Vita Kuu ya Kwanza, wengi wa askari waliovunjika paja kwa risasi walikufa, hadi banzi la Thomas lilipoanza kutumika kwa upana na vifo vikapungua sana.

Kwa wasio na msumari, tiba ilibaki kuvuta mguu kwa uzito, mgonjwa akilala chali kwa wiki nyingi. Mfupa huunga, lakini mara nyingine mguu hubaki mfupi, goti hukakamaa, na mgongo huota vidonda. Kwa mkulima wa pamba, huo ni msimu mzima uliopotea. Mkewe au ndugu huhamia wodini kumuuguza, na ng'ombe huuzwa. Si ajabu wengine huona heri waende kwa muunga mifupa wa jadi, aliye karibu na anayekubali kulipwa kidogo kidogo.

Tusidhani kwamba kilichokosekana ni maarifa. Msumari hudai chumba cha upasuaji, mtaalamu wa usingizi, damu ya akiba na, kwa ile ya kisasa inayofungwa kwa skrubu, mashine ya eksirei inayoonesha picha wakati wa upasuaji. Mwaka 1999, Mmarekani Lewis Zirkle alianzisha shirika la SIGN, ambalo msumari wake huelekezewa skrubu kwa kifaa cha mkono, bila mashine hiyo. Taasisi ya Mifupa Muhimbili na Hospitali ya Bugando ni miongoni mwa zilizoutumia.

Hata hivyo, Muhimbili iko Dar es Salaam na Bugando iko Mwanza, ilhali bodaboda huanguka Kishapu na mashimo ya dhahabu huporomoka Geita. Utajiri wa madini umekuwa ukitoka katika ardhi hii kwa zaidi ya miaka 80. Kipimo cha haki cha utajiri huo ni siku ngapi mwananchi wake aliyevunjika paja hulala akisubiri kipande cha chuma.