Hela

Hela (nomino, ngeli ya I-/ZI-, wingi wa kukuza: mahela, wingi wa udogo: vihela) ni neno la kila siku la Kiswahili cha Tanzania lenye maana ya pesa. Limetokana na Heller, sarafu ya Kijerumani iliyopewa jina la mji wa Hall, kusini mwa Ujerumani.

Awali rupia ya koloni la Kijerumani la Afrika Mashariki ilikuwa na pesa 64. Mwaka 1904 iligawanywa upya, ikawa na heller 100. Sarafu za heller 10 zilizofuata zilikuwa na tundu katikati, hivyo ziliweza kutungwa kwenye uzi. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoziba njia za baharini, Wajerumani walifua zao wenyewe Tabora mwaka 1916, za heller 5 na 20. Waingereza wakaleta shilingi mwaka 1921 na hela ikafutwa, ila jina halikufutika. Ajabu ni kwamba rupia, iliyokuwa kubwa mara 100, haikupata bahati hiyo. Inaelekea sababu ni sokoni: kodi ya kibanda ilitajwa kwa rupia, lakini vitu vya bei ndogo vilinunuliwa kwa hela.

Mkoani Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012 na makao makuu yake yakiwa Bariadi, neno hili husikika zaidi msimu wa pamba. Mkulima hufikisha mzigo AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima), hupimiwa kwenye mizani, huandikiwa stakabadhi, kisha kinachobaki ni kuulizana: “Hela imeingia?” Siku hizi jibu mara nyingi huwa ni ujumbe wa simu. Mahari ya Wasukuma, wenyeji wa mkoa huo, bado huhesabiwa kwa ng’ombe, lakini ada ya shule hailipwi kwa ndama. Ng’ombe hupelekwa mnadani kwanza ili ipatikane hela.

Fedha (kutoka Kiarabu, kwa maana ya madini ya fedha) ni neno la ofisi na bajeti. Pesa, lenye asili ya Kihindi, hutumika pande zote na ndilo la kawaida Kenya, ambako hela hueleweka lakini haitamkwi sana. Mwenye mahela ni tajiri, na mara nyingi kuna kijicho ndani ya neno hilo. Vihela ni hela kidogo zisizotosha. Kwenye mkataba, risiti au barua ya benki, hela haifai: andika fedha.