Nahamia Musoma, mji wa viwanda vilivyonyamaza

Wiki mbili zilizopita nilimpigia simu mzee wangu kule kijijini, wilayani Tarime, nikamwambia nataka kuondoka Dar es Salaam nikaishi Musoma. Akakaa kimya kidogo, kisha akauliza, "Umefukuzwa kazi?" Nikamjibu, hapana baba. "Sasa unaenda Musoma kufanya nini? Wenzako wanatoka kule, wewe unaingia?"

Swali hilo limenikaa kichwani, ndiyo maana leo naomba tuangalie historia kidogo.

Sababu zangu ni za kawaida. Hapa Tabata nina chumba na sebule, na mwenye nyumba anataka kodi ya miezi 6 kwa mkupuo. Kwa fedha hiyo hiyo nimeonyeshwa nyumba nzima Musoma, yenye uwanja na mwembe, kwa mwaka mzima. Mhariri wangu amekubali niwe naandika habari za Mara, na kutoka pale nitafika Tarime, Sirari, Nyamongo na hata Mugumu bila kulala njiani siku mbili. Kwa hesabu ya mfukoni, nimeshinda.

Lakini unafuu wa Musoma haukushuka kutoka mbinguni.

Sisi watu wa Mara tumezoea kuhama kufuata kazi. Enzi za Mwingereza, vijana wengi wa Kikurya waliingia jeshi la KAR. Wengine walikwenda kwenye dhahabu ya Kiabakari na Buhemba. Hata jina la Kilimafedha, kule Serengeti, linatukumbusha watu waliofuata madini. Kiabakari ulipofungwa miaka ya 1960, waliokuwa wachimbaji walirudi kwenye mashamba na ng'ombe. Mgodi ukifa, kambi nayo hufa.

Musoma haikuwa kambi. Ilikuwa bandari, ikiunganishwa kwa meli na Mwanza na Kisumu. Mkoa wa Mara ulipoundwa ukawa makao makuu. Kisha serikali ikajenga kiwanda cha nguo, Mutex, kwa hesabu ambayo hata mkulima aliielewa: pamba inalimwa Serengeti, Bunda na Musoma vijijini, kwa nini iondoke ikiwa ghafi? Novemba 1974, katika mji huo huo, Halmashauri Kuu ya TANU ilikaa na kupitisha Azimio la Musoma, kwamba ifikapo 1977 kila mtoto awe na nafasi ya elimu ya msingi. Azimio hilo pia lilitaka vijana wafanye kazi kwanza kabla ya kwenda chuo kikuu. Shule na kiwanda zilikuwa ndoto moja: mtoto asome, akitoka akute kazi karibu na kwao.

Tunajua kilichofuata. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, mpaka na Kenya ukafungwa hadi 1983, na Sirari ikabaki njia ya magendo. Ikaja vita na Idi Amin, 1978 na 1979. Nchi ikakosa fedha za kigeni, viwanda vikakosa vipuri. Mwaka 1986 tukakubaliana na IMF, milango ya biashara ikafunguliwa, na mitumba ikaingia kwa marobota. Nani angenunua kitambaa wakati shati zima linauzwa bei chini yake? Mutex ikasimama, ikabinafsishwa, na ule umati wa wafanyakazi wa zamani haukurudi tena.

Ikabaki samaki. Sangara aliyepandikizwa ziwani miaka ya 1950 alileta viwanda vya minofu miaka ya 1990, Mwanza na Musoma. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ukasimamisha ununuzi kwa hofu ya samaki waliovuliwa kwa sumu. Soko lilifunguliwa tena, lakini sangara walizidi kupungua, na miaka iliyofuata viwanda vingi vya Musoma vikafunga mmoja baada ya mwingine.

Hapa historia inaingia nyumbani kwetu. Baba yangu mdogo alikuwa mkata minofu katika kimojawapo. Alijenga vyumba viwili Bweri, kidogo kidogo, tofali kwa tofali. Kazi ilipoisha, akauza na kurudi Tarime kulima mahindi. Juzi nilimpigia naye, nikamsifia jinsi nyumba za Musoma zilivyo rahisi. Akacheka, akasema, "Mwanangu, urahisi huo mimi ndiye niliyeulipia."

Sikuwa na jibu.

Nimelifikiria sana neno lake. Mimi nitapanga Musoma kwa sababu mshahara wangu unatoka Dar. Muuza dagaa wa Mwigobero hana mshahara wa Dar. Tukihamia wengi wa aina yangu, kodi itapanda, na ajira haitaongezeka hata moja. Mji utaonekana umefufuka, kumbe tumebadilisha wapangaji tu.

Hata hivyo sikubaliani na mzee kwamba mji umekufa. Sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya watu 160,000 Manispaa ya Musoma, wengi kuliko sensa ya 2012. Shule ya Mwisenge, aliyoanza Nyerere mwaka 1934, bado ipo. Viwanda viliondoka, lakini watu waliozaliwa kwa ajili yake hawakuondoka wote.

Tena nawaza Nyamongo. Mgodi wa North Mara, uliofunguliwa 2002, umevuta vijana wa Tarime na Serengeti kama Kiabakari ilivyowavuta babu zao. Dhahabu nayo ina mwisho. Siku hiyo ikifika tutaona kama tulijenga mji au kambi.

Basi, nimelipa kodi ya mwaka. Nyumba iko Bweri. Nimemwomba baba mdogo aje anionyeshe mtaa, na kwanza anionyeshe vile vyumba viwili. Amesema atakuja akishavuna.