Daftari la Taifa: Safari ya Kuandikisha Vizazi na Vifo Tangu Tanganyika Hadi Leo

Kila Desemba tunapokutana hapa Birmingham kusherehekea Uhuru, tunawasimulia watoto wetu mambo yale yale, na ni vizuri kuyarudia: bendera ya Mwingereza ilishushwa, ya Tanganyika ikapandishwa, na Luteni Alexander Nyirenda akaufikisha mwenge kileleni Kilimanjaro. Mwaka huu tumeona tuongeze swali moja. Usiku ule wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, ni watoto wangapi walizaliwa Tanganyika? Na ni wazee wangapi waliofumba macho kabla ya kuiona asubuhi ya Uhuru?

Hakuna ajuaye. Si kwamba daftari limepotea. Kwa wananchi walio wengi, daftari lenyewe halikuwapo. Nchi iliingia katika Uhuru ikiwa na watu karibu milioni 9, na sehemu kubwa ya watu hao hawakuwa wameandikwa popote siku walipozaliwa, wala hawakutarajiwa kuandikwa siku watakapokufa. Kujenga daftari hilo ni kazi ya Uhuru ambayo haina gwaride wala ngoma, na mpaka leo haijakwisha.

Kabla ya karatasi

Wazee wetu hawakuwa watu wasiojua miaka. Waliihesabu kwa matukio: huyu alizaliwa mwaka wa nzige, yule wakati wa vita vya Maji Maji, mwingine Wajerumani walipokuwa wakiondoka. Majina nayo yalitunza habari. Masika alizaliwa wakati wa mvua, na Shida alikuja nyumba ikiwa na dhiki. Hesabu hiyo ilitosha kijijini kujua nani mkubwa, nani mdogo, na nani ana haki ya kurithi nini. Hata baada ya Uhuru, makarani wa sensa walibeba kalenda ya matukio ili kumsaidia mzee kukadiria umri wake.

Waliotangulia kuandika kwa kalamu walikuwa wamisheni. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu waliofika Bagamoyo mwaka 1868 waliweka madaftari ya ubatizo, ndoa na maziko. Lakini daftari la kanisa liliandika waumini wa kanisa tu, na tarehe ya ubatizo si lazima iwe tarehe ya kuzaliwa.

Serikali za kikoloni nazo zilihesabu, ila zilihesabu kwa ajili ya kodi. Wajerumani walianzisha kodi ya nyumba mwishoni mwa miaka ya 1890. Waingereza wakaja na sheria yao ya kodi ya nyumba na kodi ya kichwa mwaka 1922. Mwanamume mzima aliandikwa kwa sababu alikuwa na kitu cha kutoa. Mtoto mchanga hakuwa na cha kutoa, na mama yake hakuulizwa.

Mwingereza nyumbani kwake

Mwingereza aliyekuja kuitawala Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Kwanza hakuwa mgeni wa daftari. Kwao, makanisa yaliamriwa kuandika ubatizo, ndoa na maziko tangu mwaka 1538. Mwaka 1836 Bunge lilitunga sheria ya usajili wa kiserikali, na kuanzia tarehe 1 Julai 1837 kila mtaa wa Uingereza na Wales ukawa na msajili wake. Haikuwa kazi ya siku moja hata huku. Wazazi wengi hawakujitokeza, na ilibidi sheria ya mwaka 1874 iwabebeshe wajibu huo wao wenyewe, pamoja na adhabu kwa asiyetimiza.

Faida yake ilionekana. Katika ofisi ya Msajili Mkuu mjini London, daktari William Farr alikaa karibu miaka 40 akipanga vifo kwa sababu, kwa umri, kwa kazi na kwa mtaa. Takwimu hizo ziliwawezesha watu kuona kuwa maskini wa mjini hawakufa mapema kwa bahati mbaya tu. Walikufa kwa sababu ya maji machafu na nyumba za msongamano.

Mji wetu huu ulikuwa mfano wa jambo hilo. Joseph Chamberlain alikuwa Meya wa Birmingham kuanzia 1873 hadi 1876. Alipotaka kubomoa makazi duni ya katikati ya mji mwaka 1875, moja ya silaha zake ilikuwa hesabu ya vifo: watu wa kata ya St Mary's walikuwa wakifa kwa kiwango cha karibu mara mbili ya wenzao wa Edgbaston. Barabara ya Corporation Street, tunakopita kila siku kwenda madukani, ilitokana na mpango huo. Maskini wengi waliobomolewa hawakujengewa nyumba nyingine, na hilo nalo lisisahaulike. Lakini hoja ya vifo haikuweza kupuuzwa, kwa kuwa vilikuwa vimeandikwa. Miaka 20 baadaye, Chamberlain huyo huyo akawa Waziri wa Makoloni.

Sheria ya mwaka 1920

Basi Tanganyika nayo ilipata sheria ya kuandikisha vizazi na vifo. Ilitungwa mwaka 1920 na kuanza kutumika mwaka 1921. Iliwalazimu Wazungu na Waasia kuandikisha. Waafrika walio wengi haikuwalazimu. Majirani zetu wa Kenya hali yao ilikuwa ya namna hiyo: walianza na Wazungu mwaka 1904, na usajili haukuwa lazima kwa wananchi wa nchi nzima mpaka mwaka 1971.

Tulitafakari maana yake. Serikali iliyojua idadi ya nyumba za kutozwa kodi katika kila wilaya haikujua ni watoto wangapi waliokufa kwa surua katika wilaya hiyo hiyo. Kifo kisichoandikwa hakimlazimishi mkubwa yeyote kujenga zahanati.

Baada ya Uhuru

Serikali ya Uhuru iliirithi sheria ile, ambayo leo ni Sura ya 108 ya Sheria za Tanzania, ikaipanua hatua kwa hatua, wilaya baada ya wilaya, hadi ikawahusu wananchi wote. Mwaka 1967 ilifanyika sensa ya kwanza baada ya Uhuru na Muungano, tukahesabiwa milioni 12.3. Ya mwaka 2022 ilituhesabu 61,741,120. Lakini sensa ni picha inayopigwa kila baada ya miaka kama kumi. Usajili wa vizazi na vifo ni daftari la kila siku, na ndilo linalosema mwaka huu shule ya msingi ya kata fulani itahitaji madawati mangapi miaka sita ijayo.

Sheria ilikuwapo, ila njia ilikuwa ndefu. Mama aliyejifungulia hospitali alipewa tangazo la kizazi, karatasi ambayo wengi waliichukua kuwa ndiyo cheti. Kumbe cheti chenyewe kilifuatwa makao makuu ya wilaya, kwa nauli, kwa ada, na mara nyingi kwa safari zaidi ya moja. Aliyejifungulia nyumbani alikuwa na mlima mkubwa zaidi. Haishangazi kwamba utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2010 ulikuta watoto 16 tu kati ya 100 wa chini ya miaka mitano wamesajiliwa. Ule wa 2015 na 2016 ulikuta 26. Zanzibar, ambako usajili si jambo la Muungano na una sheria yake, ilikuwa mbele sana ya Bara. Tangu sheria ya mwaka 2018 Zanzibar ina Wakala wake wa Usajili wa Matukio ya Kijamii.

Bara, mwaka 2006 ulizinduliwa Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, yaani RITA, ukichukua kazi za Kabidhi Wasii Mkuu. Mageuzi makubwa yalianza Mbeya mwaka 2013. RITA, kwa kushirikiana na UNICEF, kampuni ya simu ya Tigo na msaada wa serikali ya Canada, iliuleta usajili karibu na mzazi. Mtoto wa chini ya miaka mitano anaandikishwa kwenye kituo cha tiba au ofisi ya mtendaji wa kata, cheti kinaandikwa hapo hapo bila malipo, na taarifa zinatumwa makao makuu kwa simu ya mkononi. Mpango huo ukaenda Mwanza, Iringa, Njombe na mikoa mingine. Wazazi walipanga foleni na watoto mgongoni. Njia ilipofupishwa, watu walikuja.

Vifo navyo vina la kusema

Kuandikisha vifo kumebaki nyuma zaidi. Wengi wetu tunaona uzito wa kupeleka habari ya msiba ofisini wakati matanga hayajaanuliwa. Lakini yaliyotokea Rufiji na Morogoro Vijijini yanafundisha. Katika miaka ya 1990, kwa mradi wa Wizara ya Afya na wafadhili wa Canada, viongozi wa afya wa wilaya hizo walianza kupanga bajeti kwa kutazama takwimu zilizokusanywa nyumba kwa nyumba: nani kazaliwa, nani kafa, na alionyesha dalili gani kabla ya kufa. Ikaonekana kwamba malaria ilibeba karibu asilimia 30 ya mzigo wote wa maradhi na vifo, huku ikitengewa asilimia 5 tu ya fedha. Bajeti ikapangwa upya. Katika miaka michache iliyofuata, vifo vya watoto katika wilaya hizo vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40. Sababu hazikuwa moja, lakini hesabu ndiyo iliyowaonyesha pa kuanzia. Ni lile lile lililofanyika Birmingham mwaka 1875, safari hii likifanywa na Watanzania kwa ajili ya watoto wao.

Na sisi tulio huku

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi wa ughaibuni tunaweza kuongeza kwamba hata mtu hupotea. Wako ndugu zetu wengi hapa ambao tarehe yao ya kuzaliwa katika pasi ni 1 Januari, kwa kuwa karani alihitaji tarehe na mwenyewe hakuwa na karatasi. Wako waliokwama kwenye maombi ya kumleta mtoto au mwenzi kwa sababu jina kwenye cheti cha kuzaliwa halifanani na la cheti cha shule. Na mwaka 2018 sote tulishuhudia masaibu ya majirani zetu wa Karibi wa kizazi cha Windrush. Walikuja nchini kihalali wakiwa watoto, wakafanya kazi na kulipa kodi maisha yao yote, kisha wengine wakanyimwa matibabu au wakafukuzwa nchini kwa kukosa karatasi, huku kadi za kuingilia nchini ambazo zingewatetea zikiwa zimeteketezwa na serikali mwaka 2010.

Nyumbani nako karatasi inaulizwa. Mwanafunzi yatima anayeomba mkopo wa chuo kikuu hutakiwa kuonyesha cheti cha kifo cha mzazi kilichohakikiwa na RITA. Mjane anayefungua mirathi katika mahakama ya mwanzo huulizwa cheti hicho hicho. Baba anaweza kuwa amezikwa mbele ya kijiji kizima, lakini benki haitambui kijiji.

Kwa hiyo tunawaomba wazazi wenzetu mambo machache. Mtoto akizaliwa hapa, sheria inataka aandikishwe ndani ya siku 42. Kabla ya kwenda, kubalianeni juu ya majina. Sisi tumezoea jina la mtoto, la baba na la babu, na huku wanataka jina la ukoo. Mkiandika hivi kwa mtoto wa kwanza na vingine kwa wa pili, ndugu wawili wa tumbo moja wataonekana kama watu baki. Huku kifo kwa kawaida huandikishwa ndani ya siku 5. Tanzania Bara sheria inatoa siku 90 kwa kizazi na siku 30 kwa kifo. Tunapochanga kwa ajili ya msiba nyumbani, tuulize pia, kwa adabu na kwa wakati wake, kama kifo kimeandikishwa. Nauli ya kwenda wilayani ni sehemu ya rambirambi.

Nanyi vijana mliozaliwa huku, mna kazi ambayo hakuna ofisi inayoweza kuwafanyia. Pigieni simu bibi na babu. Waulizeni walizaliwa mwaka gani, na wakijibu kwa tukio, kama njaa, mafuriko au ujio wa chifu fulani, andikeni tukio hilo, pamoja na kijiji, na majina ya wazazi wao kama wao wanavyoyatamka. Wao ndio kizazi ambacho sheria ya mwaka 1920 ilikiacha nje. Yasipoandikwa sasa, hayataandikwa tena.

Uhuru ulitupa haki ya kuhesabiwa kama watu, wala si kama walipa kodi ya kichwa. Kila cheti tunachokifuatilia, huku au kule, kinaisogeza mbele kazi iliyoanza usiku ule wa Desemba. Tunawatakia wote sikukuu njema ya Uhuru.