Kuamka na Kukesha: Maneno Mawili katika Historia ya Uamsho wa Afrika Mashariki

Kiswahili hutenganisha mambo mawili ambayo mimbarini huchanganywa mara kwa mara. Kuamka ni tendo la mara moja: mtu alikuwa amelala, sasa yu macho. Kukesha ni tendo la muda: mtu hakulala, naye amekusudia asilale hata kupambazuke. Neno hili la pili lilikuwa na makazi yake kabla halijaingia kanisani. Watu walikesha ngomani, walikesha kwa mgonjwa, walikesha matangani. Na Waislamu wa pwani walikesha, na hukesha hata leo, katika kumi la mwisho la Ramadhani. Wafasiri wa Biblia hawakulibuni, bali walilikuta. Tafsiri ya Union Version, iliyokamilika mwaka 1952, ndiyo iliyoifanya amri ya “kesheni” ijulikane hata kwa wasomaji wa bara ambao Kiswahili hakikuwa lugha yao ya kwanza.

Hata hivyo, harakati iliyougeuza Ukristo wa Kiprotestanti katika nchi hizi kuliko nyingine yoyote ilianza na lile neno la kwanza, na haikulitamka kwa Kiswahili. Neno lenyewe lilikuwa la Kiganda: zukuka, yaani amka.

Mwezi Septemba 1929, daktari Mwingereza Joe Church, aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya misheni ya Gahini, mashariki mwa Rwanda, alikutana huko Namirembe, Kampala, na Simeoni Nsibambi. Wote wawili waliona kanisa limepoa. Walisoma Maandiko pamoja, wakaomba pamoja. Na jambo hilo, Mzungu na Mwafrika kukaa wakiungamiana udhaifu wao kama walio sawa, lilikuwa geni katika zama zile za ukoloni. Mdogo wake Nsibambi, Blasio Kigozi, alikuwa amekwenda Gahini kufundisha. Mwanzoni mwa mwaka 1936 alijiandaa kulihutubia baraza la Kanisa la Uganda. Alitaka kuuliza kwa nini kanisa limekuwa baridi, na kwa nini watu wanaoishi katika dhambi iliyo wazi wanakaribishwa mezani pa Bwana. Aliugua, akafariki mwezi Januari kabla ya kulihutubia baraza hilo. Mwito wake wa “Zukuka” ukabaki, ukawa kaulimbiu ya mikutano iliyofuata. Yumkini kifo chake kiliupa mwito huo nguvu ambayo hotuba isingeupa.

Waliouitikia waliitwa balokole, waliookoka. Kiswahili kikalichukua jina hilo na kulitia katika ngeli yake: mlokole, walokole. Mwanzoni lilikuwa jina la kejeli, nao walilivaa.

Mwaka 1941, katika chuo cha wachungaji cha Mukono, wanafunzi walokole waliamka kabla ya alfajiri wasali na kuhubiri. Mkuu wa chuo alipiga marufuku mikutano hiyo ya mapema. Walikataa kutii, na wanafunzi 26, William Nagenda akiwa miongoni mwao, wakafukuzwa. Ukitazamwa kwa juu, ugomvi huo ulikuwa juu ya ratiba ya chuo. Kwa undani ulihusu swali la nani mwenye mamlaka ya kuamua saa ya kulala na saa ya kuwa macho.

Baada ya kuamka, shida ikawa kudumu. Hapo ndipo historia ya Uamsho inapokuwa historia ya kukesha. Walokole hawakuunda kanisa jipya. Walibaki Waanglikana, Walutheri, Wapresbiteri na Wamethodisti. Walichounda ni ushirika. Ndugu walikutana kila juma, wakaungama mbele ya wenzao, wakarudisha mali waliyoiiba, na kuonyana. Waliita hali hiyo kutembea nuruni. Hakuna aliyeachiwa kujilinda peke yake: kila ndugu alikuwa mlinzi wa mwenzake. Askofu Josiah Kibira wa Bukoba, aliyelisimamia Shirikisho la Kilutheri la Dunia kama rais kuanzia 1977 hadi 1984, alilelewa katika mazingira hayo.

Kenya ilikupa kukesha maana nzito zaidi. Baada ya hali ya hatari kutangazwa mwezi Oktoba 1952, ndugu wengi wa Uamsho miongoni mwa Wakikuyu walikataa kula kiapo cha Mau Mau. Wapo pia waliokataa kushika silaha za serikali katika kikosi cha walinzi wa vijiji. Hivyo wakashukiwa na pande zote mbili, na kadhaa wakauawa. Waliokuwa wakiimba juu ya kumngoja Bwana usiku sasa walisikiliza mlango usiku.

Lakini jicho lisilofumba huweza pia kutazama padogo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Yona Mondo wa Uganda na wafuasi wake waliwashutumu ndugu wenzao kwamba wamesinzia tena. Wakaitwa abazukufu, walioamka upya. Walikaza masharti, hasa juu ya mikopo: mkristo asiwe na deni, kwani Bwana akirudi atamkuta amefungwa. Ushirika ukagawanyika, baadhi ya jamaa zikagawanyika nao. Si haki kuwacheka watu hao, kwani waliuliza kwa dhati mtu aliye tayari anaishije na benki. Lakini ni kweli pia kwamba macho yao yalikazwa juu ya mavazi na madeni katika miaka ileile Idi Amin alipokuwa akitawala. Askofu Mkuu Janani Luwum, mlokole tangu 1948, aliuawa mwezi Februari 1977 baada ya maaskofu kuupinga utawala huo kwa maandishi.

Swali lililo gumu zaidi linatoka Rwanda, nchi ya Gahini yenyewe. Mwezi Januari 1964, Yona Kanamuzeyi, mchungaji wa Kianglikana aliyewahudumia Watutsi waliohamishiwa Nyamata, alichukuliwa na wanajeshi akauawa. Miaka 30 baadaye, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya 1994, maelfu waliuawa ndani na kandokando ya kanisa Katoliki la mji huohuo. Kwa upande wa Waanglikana, viongozi kadhaa wa kanisa lililozaliwa na misheni ya Gahini walilaumiwa kwa ukaribu wao na serikali iliyopanga mauaji hayo. Ushirika uliojua kuuliza juu ya wizi, uzinzi na pombe haukuwa umezoea kuuliza juu ya kitambulisho kilichoandikwa kabila, kilichotumika tangu enzi za Wabelgiji na kuonyeshwa kila kizuizini. Wapo ndugu waliowaficha wenzao wa kabila lingine, na wapo waliokufa pamoja nao.