Dola Ishirini Zilizoliponyoka Tanuri

Mwishoni mwa 1904 Rais Theodore Roosevelt alimwandikia waziri wake wa fedha akilalamika kuwa sarafu za Marekani zinatia aibu kwa ubaya wa sura. Kazi ya kuzipamba akampa mchongaji Augustus Saint-Gaudens, naye akaleta dola ishirini ya dhahabu: huku Bi Uhuru kashika mwenge, kule tai anaruka juu ya jua. Nakshi ilisimama juu mno. Charles Barber, mchongaji mkuu wa kiwanda cha sarafu cha Philadelphia, aliipinga tangu mwanzo, na kusema kweli hakuwa mjinga. Sarafu moja haikutoka vizuri mpaka mashine iigonge mara kadhaa, na mabenki yalitaka fedha inayopangika. Saint-Gaudens alifariki kwa saratani Agosti 1907. Zikapigwa kama 12,000 hivi, mwaka ukiwa kwa tarakimu za Kirumi, kisha Barber akaishusha nakshi.

Mkaguzi wa sarafu hizi haridhiki na mizani, ingawa kila moja yapaswa kuwa na gramu 33.4, tisa ya kumi dhahabu. Hutazama kwa lenzi goti na kifua cha Bi Uhuru, panapochubuka mapema, ndipo atoe daraja kati ya 1 na 70. Halafu huchungulia kucha za tai. Kuna ghushi hodari ya hiyo ya 1907 ambayo fundi wake alitia humo omega, herufi ya Kigiriki, ndogo kupindukia, kama saini. Jeuri iliyoje! Asingejisifu, wangapi wangeliwa?

Lakini lililopandisha bei hasa ni tanuri. Aprili 1933 Franklin Roosevelt aliamuru raia warudishe dhahabu yao, akizisamehe sarafu adimu za wakusanyaji. Nyingi mno zikayeyushwa. Ndiyo maana idadi ya zilizopigwa humpoteza mnunuzi: za Denver za 1927 zilikuwa 180,000, leo zinazojulikana hazifiki ishirini, na bei yake inaiacha mbali ile ya tarakimu za Kirumi.

Za 1933 zilikuwa 445,500, na serikali inasema haikutoa hata moja kwa matumizi. Mbili zilikwenda makumbusho ya Smithsonian, nyingine motoni. Chache zilitoroka, na wapelelezi wakamfikia sonara wa Philadelphia, Israel Switt. Moja ilimfikia Mfalme Farouk wa Misri mwaka 1944, tena kwa kibali cha serikali hiyo hiyo kabla haijagutuka. Mwaka 1996 sarafu inayoaminika kuwa ndiyo hiyo ilinaswa hotelini New York. Baada ya mapatano ikanadiwa 2002 kwa dola milioni 7.59, na mnunuzi akatozwa dola 20 zaidi ili ihesabiwe fedha halali. Mwaka 2021 ilifika milioni 18.9.

Binti yake Switt naye alipeleka nyingine kumi zikaguliwe. Serikali ikathibitisha kuwa ni halisi, ikazizuia zote, na mahakama ikaipa haki.