Mubi ilikula nini kabla ya kasiterite?

Ukitaja Mubi, mtu anafikiri mawe. Lakini sasa ni wakati wa mavuno, kwa hiyo tuongee chakula.

Mwaka 1956 Candi Rureke alimuhadithia Mbelgiji Daniel Biebuyck habari za Mwindo kwa kinyanga, na kitabu kilitoka 1969. Mle ndani Mwindo anashuka kuzimu kumfuata baba yake. Muisa, mwenye kuzimu, anamwekea masharti: apande shamba ya ndizi na ndizi ziive siku ile ile, kisha aende kurina asali. Angalieni mtihani wa shujaa wa Wanyanga! Kulima na asali. (Kupigana kupo pia, tena kwingi.)

Ndizi yenyewe ilitoka Asia, zamani sana. Muhogo, mahindi, karanga na maharage vilitoka Amerika. Muchele ulipanda bara pamoja na waungwana wa pwani katika karne ya 19, wakati walikaa Nyangwe na Kasongo kule Maniema. Kwa hiyo ile sahani tunayoita ya kwetu, sombe na makemba, imetembea kuliko sisi wakimbizi. Mawese njo ya hapa, pamoja na uyoga, asali, fumbwa, na kumbikumbi wanaotoka mvula ikikatika.

Wabelgiji walileta kilimo cha lazima mwaka 1917: hadi siku 60 kwa mwaka kwenye shamba ya Leta. Mobutu naye alileta Salongo. Tusikawie hapo, wazee wetu wanayajua.

Tukawie mwaka 2002, wakati kasiterite ilionekana Bisie. Vijana waliacha majembe. Kule porini hakukuwa barabara. Kila kilo ya fufu, kila chupa ya bia ilipanda juu ya mugongo wa mtu. Ndege ndogo zilitua juu ya lami kule Kilambo, zikaleta bidhaa, zikarudi Goma na mawe. Udongo unaoweza kutoa muhogo na ndizi mwaka muzima ukaanza kungojea chakula cha ndege. Hatuwalaumu wale vijana. Mzigo mmoja wa mawe ulilipa haraka, shamba hailipi haraka.

Halafu Septemba 2010 Rais Kabila alifunga uchimbaji katika Kivu zote mbili na Maniema, mpaka Machi 2011. Feza ikakauka. Ndege zikapungua. Mashamba nayo yalikuwa yamegeuka pori, na muhogo unaoupanda leo unaomba karibu mwaka kabla haujafika kwenye sufuria. Pale njo watu wa Mubi walielewa kama soko inaweza kujaa na nyumba bado ikalala njaa.

Machi 2025 ni hesabu nyingine. M23 waliingia Walikale-centre, wakatoka mwanzo wa Aprili, na watu walikuwa wamekimbilia pori. Machi ni mwezi wa kupanda karanga na mahindi ya kuvuna Juni na Julai. Mtu aliyekimbia alikosa mara mbili: alichopanda hakukipalilia, na mbegu aliyoficha alikula njiani pamoja na watoto. Kwa hiyo akirudi hana njaa ya leo tu, ana njaa ya msimu unaokuja.

Waliorudi sasa wanafyeka kwa zamu, kama likilimba: leo shamba ya huyu, kesho ya yule. Wanaanza na lengalenga, juu yake inaliwa ndani ya mwezi mmoja, na matembele. Muhogo unasimama pembeni unangojewa.

Rafiki wafadhili, tunawaomba kitu kimoja: miti ya muhogo na mbegu zitufikie kabla ya kupanda. Zikifika wakati wa njaa, zitapikwa, na hakuna mama tutakayemkatalia. Wanamemba wenye shamba iliyokwisha kufyekwa walete majina kwa kamati siku ya soko, wenyewe, bila kutuma mtu.