Hesabu ya Kapkota

Operesheni Okoa Maisha ya jeshi la Kenya, Mlima Elgon, ikitajwa, husemwa ilifaulu, na mazungumzo yakaishia hapo. Mimi nasema hesabu yake haijafungwa.

Chanzo cha ugomvi wa Mlima Elgon kinajulikana: watu wa Chepkitale walishushwa kutoka mlimani, wakaahidiwa mashamba Chebyuk, na ugawaji wake, awamu kwa awamu, ukazifarakanisha jamii za Wasoy na Wamosop. Humo ndimo lilimozaliwa kundi lenye silaha la SLDF (Sabaot Land Defence Force), chini ya Wycliffe Matwakei. Likatoza watu kodi, likawakata masikio, likaua mamia. Kwa hiyo tusidanganyane: wanajeshi walipoingia Machi 2008, wapo waliopumua.

Kambi ikawekwa Kapkota, karibu na Cheptais. Wanaume walizolewa vijijini, wazee kwa vijana, wakapitishwa mbele ya watoa habari. Aliyenyooshewa kidole alijua kwake kumekucha. Walioachiliwa walirudi na majeraha. Wengine hawakurudi kabisa. Matwakei aliuawa Mei mwaka uleule. Mwaka 2011 shirika la Human Rights Watch lilisema waliotoweka walizidi 300, wengine mikononi mwa SLDF, wengine mikononi mwa vikosi vya serikali.

Watu wa Bungoma, ulipo Mlima Elgon, si wageni wa deni la namna hii. Mwaka 1895 Waingereza walipolivunja boma la Chetambe, walilipwa kwa ng'ombe wa Wabukusu. Ng'ombe angalau huhesabika.

Mke wa aliyetoweka si mjane. Hana kaburi, hana cheti cha kifo. Bila cheti hakuna mirathi, na shamba hubaki kwa jina la mtu asiyekuwepo. Shemeji akitia jembe mpakani, mama huyo atamshtaki kwa karatasi gani? Sheria ya Kenya humdhania mtu amekufa asiposikika kwa miaka 7. Basi akae, angoje, karo ikidaiwa. Gharama hii haimo katika bajeti yoyote ya ulinzi, wala kwenye vitabu vinavyosifu operesheni.

Shirika la haki za binadamu la IMLU liliipeleka serikali ya Kenya katika Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha, kwa yaliyotendeka Mlima Elgon. Machi 2012 majaji wa rufani waliitupa kesi: imechelewa. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki unatoa miezi 2 ya kufungua kesi.